Pawasaplai Mbili Mkekani

Nikiletewa pawasaplai siku hizi, sisomi kilichoandikwa ubavuni. Nachukua bisibisi, nafungua skrubu nne, natazama ndani. Wateja wangu hapa Kituntu hawapendi. Wao huipima kwa mkono, wanainua na kushusha kana kwamba wananunua kabichi, halafu wanatangaza, "Hii nzito, fundi, hii orijino." Nawaambia nimewahi kukuta kipande cha nondo kimegandishwa ndani kwa gundi ili kuongeza uzito. Wanacheka. Wengine wanaondoka wakisema fundi huyu ana gubu, na hawajakosea.

Pawasaplai ni lile sanduku la chuma nyuma ya kompyuta, pale waya wa ukutani unapochomekwa. Linapokea umeme mkali na kuutoa umepoa. Kama aliyeitengeneza ana haya, pale umeme unapoingilia utakuta koili ya waya mnene na kapasita mbili ndogo za bluu, vidude vya kutunza umeme kwa muda. Hizo za bluu ni za usalama, zikifa zinakata njia. Utakuta pia waya wa kijani wenye mstari wa njano umekazwa kwenye bati lenyewe, ili umeme ukipotea uende ardhini usimpitie mtu. Katika pawasaplai mbovu, mahali pa koili pameungwa kipande cha waya tu. Penye kapasita za bluu wameweka za bei rahisi, ambazo zikifa zinauachia umeme wote kwenye bati. Na waya wa kijani umekatwa, unaning'inia. Ukizifunga mifuniko, zote mbili ni sanduku la kijivu.

Haya yote nilikuwa nayajua siku ninayotaka kuieleza.

Dada yangu alikuwa katibu muhtasi wa shule moja ya sekondari huko Kyerwa, mwendo mfupi kwa miguu kutoka nyumbani kwetu Kamuli. Ndiye aliyenitafutia kazi ya kutengeneza kompyuta za pale, akajisifu ofisi nzima kwamba mdogo wake ni daktari wa mashine. Kila nikifika alikuwa ameniwekea ndizi na maharage kwenye bakuli lenye mfuniko, na alinitania kwamba kwa harufu yangu ya risasi ya kulehemu sitapata mke hata kwa kuombewa kanisani. Chumba chake kilikuwa kidogo, sakafu ya saruji. Mlangoni palikuwa na karatasi niliyoiandika mwenyewe kwa kalamu nene: VUA VIATU. Vumbi jekundu la kwetu linaua feni, na kila chumba cha kompyuta nilichohudumia katika wilaya hizi mbili, ya nyumbani na ya karakana yangu, nimekiwekea amri hiyo. Dada aliitii kuliko wote, kwa sababu ilikuwa yangu.

Pawasaplai ya mashine yake ilikufa wiki ya kusajili watahiniwa. Mkuu wa shule alinipigia simu mara nne asubuhi moja. Mezani kwangu nilikuwa na mbili. Moja niliitoa kwenye kompyuta kuukuu ya ofisi iliyofungwa, nzito kwa haki, kila kitu kiko mahali pake. Nyingine ilikuwa mpya, ndani ya boksi linalong'aa. Niliifungua ile mpya. Niliuona waya wa kijani uliokatwa, na niliona kasoro nyingine zote nilizokwisha kuzitaja. Nikarudisha mfuniko. Mvua ilikuwa inakuja nami nina safari ya pikipiki, na ile nzuri nilikuwa nimeshaitolea macho kwa ajili ya mashine yangu ya karakana, iliyokuwa ikijizimia hovyo. Nilijiambia ya dada nitaibadilisha mwezi ujao. Nikaenda, nikamfungia ile mpya, ikawaka, akapiga makofi.

Mwezi ujao ulifika sikwenda. Uliofuata pia.

Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu alfajiri, na radi juu yake. Ilipokatika, mhudumu akapiga deki ofisi. Dada alifika, akavua viatu mlangoni, akaikanyaga sakafu mbichi kwa miguu mitupu, akashika sanduku la kompyuta alivute karibu. Mhudumu alisikia kishindo, akakimbilia swichi kuu iliyoko nje. Alipoizima, dada alikuwa amekwisha kufa.

Nilifika mchana. Nikaichomoa ile pawasaplai kabla mtu hajaniuliza chochote, nikaitia begini. Nisijipambe: sikuichukua ili niichunguze, niliificha.

Hospitali waliandika umeme. Lakini siku hiyo radi ilikuwa imepiga, na kwa watu wetu radi ina mwenyewe anayeituma. Siku ya tatu ya matanga nikaanza kusikia habari za bibi jirani, mjane anayekaa ng'ambo ya shamba letu. Msimu uliopita mbuzi wake walikula maharage yetu, dada akamfokea, naye akajibu, "Utaona." Nani hajawahi kusema utaona? Sasa neno hilo lilizunguka kila benchi chini ya turubai. Bibi mwenyewe hakuthubutu kuja. Alfajiri alileta mkungu wa ndizi, akauacha pembeni mwa uwanja, na hakuna aliyeugusa.

Jioni baba mdogo alisema kwamba kesho, tukishaanua matanga, vijana wakamkatie migomba. Kwetu kumkatia mtu migomba ni kumwambia hapa si kwake tena, aondoke na roho yake ingali mwilini. Niliwaona wakinoa mapanga nyuma ya jiko. Nilikuwa na dawa ya jambo lile ndani ya begi, na nilinyamaza. Nilijichukia, nikaendelea kunyamaza.

Asubuhi nilipanda pikipiki hadi Kituntu, nikaifungua mashine yangu, nikatoa ile pawasaplai nzuri. Niliporudi watu walikuwa wameshakaa. Nikaziweka zote mbili mkekani, nikafungua mifuniko, nikamwomba baba mdogo asogee.

"Hii ndiyo iliyokuwa ofisini kwa dada," nilisema. "Na hii ni nzima, ya kulinganisha."

Nilimwonyesha koili, na mahali koili ilipokosekana. Nilimwonyesha kapasita za bluu, kisha zile rahisi, moja imepasuka na kuwa nyeusi. Nikamshikisha ncha ya waya wa kijani.

"Ulipaswa kufungwa hapa," nikamwambia. "Ungefungwa, dada angekuwa hai."

Aliuzungusha ule waya kati ya vidole muda mrefu. "Radi je?"

"Labda ndiyo iliyoipasua hii kapasita. Lakini kama ingekuwa ya bluu, ingekufa peke yake. Baba, hakuna mtu aliyetuma kitu."

Akawageukia vijana, akawaambia warudishe mapanga ndani. Kwa dakika moja nilidhani yamekwisha.

Mama alikuwa amekaa mkekani karibu yangu. Hajawahi kugusa kompyuta, lakini amechambua kahawa maisha yake yote, na mkono wake hauna haraka. Alilitazama sanduku moja, akalitazama la pili.

"Hii mbovu," akasema, "uliifungua kabla ya kumwekea?"

"Niliifungua, Mama."

"Ukaona hivi tunavyoona."

"Niliona."

"Na hii nzima, siku hiyo ilikuwa wapi?"

Ningeweza kumdanganya. Hapakuwa na mwingine aliyejua.

"Ilikuwa kwangu, Mama. Niliiweka kwenye mashine yangu."

Hakulia. Alisema tu, "Mukama wange," yaani Bwana wangu, kwa sauti ndogo, akainuka. Alikwenda pembeni mwa uwanja, akauburuta ule mkungu wa ndizi hadi jikoni, akakaa akaanza kumenya. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Baada ya muda aliniambia, bila kuinua macho, nikamwite jirani aje ale.

Nilimkuta bibi amekaa juu ya furushi lake sebuleni, amevaa kwa safari. Nikavua viatu kizingitini, nikamwambia shikamoo. Hakuitikia.

"Wamekuja na mapanga?"

"Hapana, bibi. Nimewaambia kwamba ni mimi niliyemuua dada. Unaitwa nyumbani."

Alinitazama, akatazama miguu yangu mitupu kwenye sakafu yake ya udongo. Nilisubiri anitukane. Nilitaka anitukane.

"Na mama yako, mwana wange, umemwacha na nani?"

Nikamwambia yuko peke yake jikoni. Akafungua furushi, akatoa kanga, akajifunga kichwani na kutangulia kwenda kwetu, mimi nikiwa bado nimesimama pale nimeshika viatu mkononi.