Mkono Mtupu Hupiga Makofi

Nakumbuka, mwanangu, mwaka 1999. Nilikuwa na miaka thelathini, mke mmoja, watoto wanne, na duara moja, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, ambalo mvua zililijaza maji mpaka mdomoni. Shida zangu zilianza hapo. Kabla yake nilikuwa maskini wa kawaida. Baada yake nikawa maskini mwenye kununa, na huyo ndiye mbaya.

Sikusoma sana. Darasa la tatu niliacha nikaenda kuchunga ng'ombe wa watu, kwa hiyo ukikuta sentensi imepinda, inyooshe mwenyewe tuendelee. Haya ninayokuambia hayakutoka kitabuni. Yalinipata nje kidogo ya Kharumwa, kwenye nyumba ya udongo ya vyumba viwili.

Mchimbaji ana ugonjwa wake: anaishi kesho. Mtu akipata mawe yenye dhahabu ya kumvusha na shida zake, sisi tunasema ametoboa. Neno hilo mimi nililifanya ufunguo wa kila mlango wa nyumba yangu, na ufunguo wenyewe sikuwa nao. Watoto wakiniomba Jumapili twende tukapande yale mawe makubwa ng'ambo ya mto, nawajibu, "Nikitoboa." Mke wangu Milembe akisema tukae nje tupige soga kama zamani, "Nikitoboa." Niliona kufurahi kabla ya kupata ni sawa na kula mbegu kabla ya kupanda. Nikirudi kutoka kazini, kicheko kilichokuwa ndani kilikatika ghafla kama redio iliyoishiwa betri. Nikajisifu moyoni kwamba watoto wangu wana heshima. Mwanangu, haikuwa heshima.

Basi Jumapili moja mafuta ya pampu yalituishia mapema, nikarudi saa tisa alasiri. Nilipita njia ya nyuma, kwenye mahindi, nikasikia watoto wanacheza mchezo wa baba na mama. Nikasimama nisikilize.

Kabula, mtoto wangu wa kwanza, msichana wa miaka kumi na mmoja, ndiye aliyekuwa baba. Amevaa mabuti yangu ya mpira yaliyotoboka, kofia yangu imemfika puani, na uso kaukunja hasa. Pacha mmoja, Kulwa, ndiye mama. Mwenzake Doto na mdogo wao Shija walikuwa watoto.

"Hodi," akasema Kabula kwa sauti nzito.

"Karibu, Baba Kabula. Chumvi imekwisha."

"Nikitoboa."

"Baba, nitegee kitendawili," akasema Doto.

"Nikitoboa."

"Baba Kabula, Shija ameanguka kwenye mti."

"Mwambie asilie mpaka nitoboe."

Wakaanguka chini kwa kucheka. Na katikati ya vicheko vyao nikasikia kimoja cha mtu mzima. Nikachungulia. Shangazi Minza, dada yake marehemu baba yangu, alikuwa amekalia kinu kilichopinduliwa, anafuta machozi kwa ncha ya khanga. Kumbe alifika mchana, kapakiwa kwenye baiskeli, na kikapu cha michembe kama zawadi. Unaijua michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kukaushwa juani.

Ningetoka hapo ningekemea. Lakini Kabula alivua ile kofia, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Bibi, ukiondoka nichukue. Nataka nikakae kwako."

"Kwangu kuna nini, mjukuu wangu? Nyumba yenyewe ya nyasi. Mvua ikinyesha tunahamahama na vitanda."

"Kwako watu wanacheka."

Angesema kwa bibi kuna nyama, ningelaumu umaskini nikalala usingizi. Lakini shangazi alikuwa maskini kuliko mimi. Mtoto wangu alikuwa tayari kuhama paa letu la bati aende kwenye nyasi zinazovuja, na aliyekuwa anamhamisha ni mimi.

Nikajitokeza. Uani pakawa kimya kama kanisani Jumatatu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Luhende. Hujambo? Umekuja na uso wako, au umeuacha kule kwenye duara?"

Tukakaa. Akaniambia wazi alichoombwa na Kabula, na kwamba hana sababu ya kukataa. Nikajitetea kama wanaume tunavyojitetea, kwa methali. "Shangazi, mkono mtupu haulambwi. Nitachekaje na watoto nami sina kitu?"

Akatafuna mchembe wake taratibu. "Haulambwi, kweli. Lakini mkono mtupu ndio unaopiga makofi. Ulioshika kitu haupigi, utakiangusha."

Kisha akanipa masharti. Angekaa kwetu wiki moja. Jumapili ijayo angemuuliza Kabula mwenyewe, mbele yangu, anaondoka au anabaki. "Na wewe usinunue kitu, hata pipi. Ukinunua pipi atabaki kwa ajili ya pipi, na pipi huisha."

"Kwani hela ya pipi anayo?" akauliza Milembe kutoka jikoni.

Jumatatu nikawahi kurudi, nikawaita watoto uani. "Haya, chezeni." Wakapanga mstari. Kulwa akasimama mguu sawa kama yuko gwaride la shule. Shija akaanza kulia. Shangazi akatikisa kichwa, akasema, "Mungu wangu, askari magereza."

Jumanne nikajaribu hadithi. Sungura, nikawaambia, alichimba duara. Akachimba, akachimba. Siku moja mvua ikanyesha, duara likajaa maji. Nikanyamaza.

"Halafu?" akauliza Doto.

"Hakuna halafu. Limejaa."

Milembe alicheka mpaka akakaa chini. Watoto nao wakacheka. Nami, Mungu anisamehe, nikaona nadharauliwa, nikavaa viatu nikaenda zangu senta kukaa na wachimbaji wenzangu kusikiliza habari za dhahabu za watu wengine. Asubuhi shangazi alinisubiri mlangoni. "Jana walikuwa wanacheka na baba yao kwa mara ya kwanza, wewe ukainuka ukaondoka. Ulitaka wakuchekee ukiwa jenezani?"

Jioni ile nikawahi kurudi tena.

Jumatano tulikuwa tunamenya karanga, wote sita na shangazi wa saba. Milembe akasema, kama anayejisemesha, "Baba Kabula, hivi wewe ulinipataje?"

Nikainamia karanga zangu.

"Baba yenu alikuwa mcheza bugobogobo," akawaambia watoto. Bugobogobo ni ngoma yetu ya majembe: vijana wanalima kwa kufuata ngoma, wanarusha jembe juu, wanalidaka, kazi inakwisha hakuna aliyechoka.

"Huyu?" akauliza Kabula.

"Huyu huyu. Alirusha jembe, akazunguka, akalidaka kwa mkono wa nyuma, nami nikamwacha mchumba aliyekuwa na ng'ombe."

"Baba, ni kweli?"

"Ng'ombe wenyewe walikuwa wamekonda," nikasema. Huo, mwanangu, ndio ulikuwa mzaha wangu wa kwanza ndani ya nyumba ile tangu duara lijae. Kabula alinitazama kama mtu aliyeona jiwe limetikisika.

Tulikuwa na kipande cha shamba mbele ya nyumba, kando ya njia, kilichongoja matuta ya viazi wiki tatu kwa sababu kila mtu alikichukia. Shangazi akaamua. Jumamosi patakuwa na mashindano, kama yale ya ngoma baada ya mavuno: makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, wakati mmoja, na hakuna anayetoa alama. Watazamaji huenda walikopendezwa. Kundi linaloachwa peke yake limeshindwa. Kundi moja mimi, Doto na Shija. La pili Milembe, Kulwa na Kabula. Ngoma ni dumu tupu la mafuta ya kula, mpigaji ni shangazi mwenyewe. Alhamisi na Ijumaa watoto walikuwa wakitoka shule mbio. Kila kundi lilifanyia mazoezi mahali pa siri, sisi nyuma ya choo, wao kwenye mahindi, na walinzi wakawekwa.

Jumamosi shangazi akagonga dumu. Tukaanza. Mwili ulikuwa umekauka, lakini miguu haisahau. Nikaona sasa niwaonyeshe. Nikarusha jembe juu, nikazunguka, na katika kuzunguka nikaliona linakuja moja kwa moja kichwani. Nikaruka pembeni, nikateleza, nikatua kwa makalio kwenye tope mpaka kiunoni.

Kabula akacheka. Alicheka ameshika magoti, akacheka ameshika mpini wa jembe, akacheka hana pa kushika. Kisha akasema, "Baba, rudia."

Nikarudia. Mara ya pili nilianguka kwa makusudi. Mara ya tatu sikukusudia.

Wapita njia wakaanza kusimama. Na hapo ndipo akatokea Maganga, mwenzangu wa duara, anakuja mbio na wengine wawili nyuma yake, wanatweta.

"Baba Kabula, umetoboa?"

"Sijatoboa."

"Umetoboa peke yako, unatuficha wenzio?"

"Maganga, nalima viazi."

"Mtu hachezi hivyo kama hajatoboa. Mawe yako wapi?" Akachota tope la tuta langu, akalisugua kiganjani, akaliinua juani. Wale wawili walikuwa wamekwisha piga magoti kwenye mfereji. Neno likaruka njiani kwamba Baba Kabula katoboa, na watu wakazidi kuja. Walikuja kuona dhahabu wakakuta ngoma, na hakuna aliyegeuka kurudi.

Sitakudanganya kuhusu matokeo. Tulishindwa vibaya. Watu wote walihamia upande wa Milembe, ambaye kumbe alikuwa akinitazama nikicheza miaka yote ile na kuiba kila mtindo. Hata Shija, mchezaji wangu mwenyewe, alivuka akaenda kwa mama yake. Lakini watazamaji waligeuka kugombania majembe, na jua halijazama matuta yote yalikuwa yamekwisha. Milembe akachemsha michembe, akaipiga na karanga, tukala na majirani. Maganga alikula akinitupia jicho. "Lakini ukipata, utaniambia."

Jumapili asubuhi shangazi akafunga mzigo wake. Mwenye baiskeli anasubiri. Akamwita Kabula mbele yangu na mbele ya mama yake, kama alivyoahidi.

"Mjukuu wangu, twende?"

Kabula aliutazama mzigo. Akayatazama matuta. Akanitazama mimi, nami nikatazama chini, kwa sababu sikutaka kumwomba kwa macho. Kisha akaingia ndani. Nikajua amekwenda kuchukua nguo zake. Akatoka amevaa kofia yangu, uso kaukunja, akasema kwa ile sauti nzito:

"Nitakuja, bibi. Nikitoboa."

Shangazi alitua kikapu chini ili acheke vizuri. Milembe alifunika uso kwa khanga. Mimi nikasema naenda nyuma ya nyumba kumwangalia mbuzi. Mbuzi hatukuwa naye.

Sasa nisikilize, mwanangu, wewe unayekaa sebuleni na familia yako kila mtu na simu yake, na unawaambia watoto ngoja hela ipatikane tutakwenda Mwanza tukatembee. Ikipatikana nendeni. Lakini ikichelewa je? Utoto haungoji. Mtoto wako ana miaka saba mara moja tu. Sikusifii umaskini, umaskini ni mbaya, nimelala nao kitanda kimoja, naujua. Wala usiache kutafuta ukashinda unacheza, maana ngoma haishibishi. Ninachokuambia ni kwamba usiwanyime watoto kile ambacho hata huuziwi. Tafuta ulichokuwa unakifurahia kabla hujawa baba wa mtu, uwe ulikuwa mwimba kwaya, mpiga kaswida au mlinda goli, ukilete nyumbani. Kazi inayochukiwa na wote ifanyeni mashindano. Siku moja kwa wiki mwache mtoto awe mkubwa wa nyumba, apange chakula cha kile mlicho nacho na aamue nani aoshe vyombo. Na wewe akikupangia, osha. Waeleze majina yao yalitoka wapi, na siku mama yao alipokuona wa maana. Na wakikucheka, kaa hapo hapo. Usivae viatu. Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa, nami nimetunzwa.

Dhahabu sikuipata mpaka leo. Lile duara nililiacha. Viazi vya matuta yale tulivikausha, tukawauzia michembe wachimbaji wa Bulyanhulu, mwaka uliofuata tukalima mara mbili, na biashara ndogo ikazaa nyingine. Kabula ni mama wa watoto watatu, na kila Desemba analeta kundi lake kupambana na langu.

Mungu aijaze nyumba yako vicheko kabla hajaijaza vitu, na vitu vikija, visikute vicheko vimehama. Watoto wako wakiwa mbali, waione njia ya kwenu kuwa fupi. Wabeja, asante kwa kunisikiliza.

Mali yangu leo ni hii. Nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba vitano. Eka nane. Ng'ombe kumi na wanane. Mashine moja ya kusaga. Baiskeli mbili. Mke yule yule. Mbuzi, sasa ninao. Na dumu moja la njano, limepasuka kitako. Hilo haliuzwi.