Nilivyomfundisha Kasida Aliyeitunga

Leo nimemfundisha mtu kasida aliyoitunga mwenyewe. Nyie mngejificha wapi?

Nipo dukani kwangu mjini Chake, nakata vitambaa, kwenye simu nimefungulia ile kasida mpya ya kikundi cha kinamama wa Wawi. Kaingia Bi mmoja mtu mzima, anataka kanga.

"Subiri kwanza Bi, sikiliza hapa! Sauti za chini zinaomba dua, za juu zinaitikia. Mie hapa hulia kila siku."

Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, hii nimeitunga mie, marehemu mume wangu alipokuwa mgonjwa."

Mkasi ulinidondoka, wallahi.

Nikamuomba radhi. Akanishika mkono.

"Radhi ya nini? Watu wamenambia sauti nyingi zinaiharibu kasida. Nikawaaga wenzangu, nikasema sitii mguu tena mazoezini. Hebu irudie."

Tukaisikiliza tena pamoja. Safari hii tulilia sote wawili, kanga hakuna aliyezikumbuka.

Kufika mlangoni akageuka. "Alasiri nakwenda mazoezini. Nisipokuwepo wataianza juu mno."

Kila siku naambiwa nina mdomo mwingi. Leo, alhamdulillahi, naushukuru.