Msusi na Sura ya Mwisho

Kama kuna mtu aliyefungua vitabu vingi mtaa ule, ni msusi. Na kama kuna mtu ambaye hajamaliza hata kimoja, ni yeye huyohuyo. Anayetaka kubisha akakae kwenye kiti chake, kichwa kikiwa mikononi mwake, tuone atabisha mpaka wapi.

Wateja humpenda kwa sababu mdomo wake husuka pamoja na vidole. "Shoga, huyu mama ninayemsoma sasa hivi anaumwa moyo, ana mume, basi hata pole hajui kusema!" Anasimulia, mteja anasahau kwamba anavutwa nywele. Ila ikibaki sura moja tu, kitabu hufungwa na kutupwa kwenye kapu la rasta. Hataki kujua. Mwisho anautunga mwenyewe: wagonjwa wanapona, waliogombana wanaoana, mwizi anarudisha ng'ombe akiwa amewanenepesha. Ndiyo maana wanamwita Bi Harusi. Kwake hakuna kitabu kisichoishia kwenye ngoma.

Mchana ule kiti kilikaliwa na dada yake mkubwa, mpishi wa shule, mwanamke wa kubeba sufuria la watoto wote bila kuita mtu. Kesho yake asubuhi alikuwa anapasuliwa uvimbe tumboni. Alimwomba mdogo wake amsindikize hospitali, na mdogo mtu akajibu kwamba ana wateja wanatoka mbali.

Wateja hao hawakuwepo. Alichokuwa nacho ni picha ya lile benchi la nje ya chumba cha upasuaji, mlango umefungwa, na yeye akingoja mtu atoke aseme neno.

"Nikusuke nini, dada?"

"Twende kilioni."

Kitana kikamponyoka. Ni mistari tu ya kwenda nyuma, ya chapuchapu, hata watoto wa shule wanaisuka. Lakini jina lile, siku ile!

"Mitindo yote hii umeona huo tu?"

"Nitalazwa chali, mwenzangu. Unataka nilalie mafundo?"

Msusi akaanza kuchana. Dada mtu akaingiza mkono kapuni, akatoa kitabu kilichokunjwa pembe.

"Huyu mama yako wa kitabuni, mwenye moyo mbovu. Anapona?"

"Anapona vizuri tu. Anafungua na duka."

"La nini?"

"La... vitambaa."

"Mwongo wewe! Ngoja nisome mwenyewe."

"Dada, acha, utajichosha!"

"Kwani nasomea tumbo?"

Akasoma kwa sauti. Msusi akaanza kuimba puani ili asisikie. Dada akapandisha sauti. Muuza mayai wa jirani, aliyekuja kuomba chenji, akasahau chenji na kuketi kwenye benchi.

"Rudia hapo kwenye dirisha, mama. Sikusikia vizuri."

Dada akarudia. Yule mama aliomba dirisha lifunguliwe apate hewa. Vidole vya msusi vikakaza.

"Taratibu, unaning'oa!"

Mstari ukaenda upande kama njia ya mlevi. Na palepale, katikati ya ukurasa, bila hata kuaga, mama wa kitabu akafa. Kurasa zilizobaki zilikuwa za ndugu kugombania kitanda chake.

"Sasa huyu mwandishi ana akili?" muuza mayai akaruka. "Nimeacha mayai yangu juani nije nisikie kitanda?" Akaondoka kwa hasira, na chenji hakupewa.

Msusi alitaka kusema kwamba mama yule alizimia tu, kwamba sura nyingine imechanika. Akainua macho kwenye kioo. Dada yake alikuwa amekifunga kitabu, lakini kitabu chenyewe kilikuwa kinatikisika mapajani.

"Una baridi?"

"Baridi ya wapi na jua hili? Naogopa."

Maisha yake yote msusi hakuwahi kusikia neno hilo likitoka kinywani mwa dada yake.

"Na wewe unaogopa, nakuona," dada akasema. "Tofauti yetu ni kwamba mimi kesho siwezi kusema nina wateja."

Msusi akamshika dada yake mabega, kitana bado kimeng'ang'ania kwenye nywele.

"Hakuna wateja, dada."

"Najua. Tangu lini wateja wako wakatoka mbali? Wote wanakuja na ndala."

Msusi akacheka.

"Tunatoka saa ngapi?"

"Alfajiri. Usije ukachelewa na mambo yako ya kujipodoa."

"Nitakaa pale mpaka watoke waniambie. Lakini nikilia usije ukanicheka."

"Nitakuwa nimelala fofofo, nitakuchekaje?"

Msusi akaufumua ule mstari uliopinda. Akaanza tena polepole, nywele chache chache, na dada yake akainamisha kichwa.