Mabano ya Mama Chapa

Ofisini walimwita Mama Chapa, maana barua zote zilipita vidoleni mwake. Ukimpa karatasi yenye kosa, kosa litatoka vilevile, nukta kwa nukta. "Mimi sisahihishi wakubwa," alikuwa akisema, kichwa juu.

Taipureta zilipoondolewa, wafanyakazi wakaambiwa wajifunze kuandika programu za kompyuta. Atakayefaulu jaribio abaki kazini, atakayeshindwa akapumzike. Apumzike na nini, mjane, wajukuu wawili shuleni na wote wanamtazama yeye?

Asubuhi ya jaribio mwalimu aliwarudisha kwenye somo la kukata kipande: una safu ya majina, unataka machache tu. Kanuni aliiandika ubaoni:

safu "[" [mwanzo] ":" [mwisho] "]"

Mama Chapa akaipiga kama ilivyo, bila kuacha alama. Kompyuta ikamjibu kwa maandishi mekundu.

"Leo umekataliwa posa," tarishi akamnong'oneza kutoka meza ya pili.

"Nyamaza, wewe. Yako imekubali nini?"

Mwalimu, kijana wa rika la kitinda mimba wake, akainama. "Mama, mabano yaliyofungiwa kwenye alama za mtajo ndiyo unayoyapiga, bila hizo alama. Haya yaliyo wazi hayapigwi. Yanakwambia tu kwamba kilichomo si lazima."

"Sasa mwanzo niuweke au niuache?"

"Inategemea unataka nini, mama."

"Mimi nataka unachotaka wewe, mwanangu."

Kijana akacheka kwa adabu, akasogea meza nyingine.

Jaribio likaja: toa majina kuanzia nafasi namba 3 hadi mwisho wa safu. Mama Chapa akavuta pumzi, akapiga polepole: safu[3:]

Akatazama. Baada ya nukta pacha palikuwa patupu. Maisha yake yote hajawahi kumpelekea mkubwa karatasi yenye pengo. Alijua ameambiwa si lazima, alijua kabisa, lakini pengo lile lilimkera kama jino lililong'oka. Akarudi akalijaza: [mwisho], na mabano yake.

Wekundu.

Akafuta, akabakiwa na pengo lilelile. Akalijaza tena.

"Muda umekwisha," mwalimu akasema. Akafika mezani kwake, akatazama kioo cha kompyuta, akafumba macho kidogo.

"Niambie cha kufuta, mwanangu."

"Siruhusiwi, mama."

Mama Chapa akaivuta mikono yake kutoka kwenye vibonye, akaikalia.