Sindano Iliyochelewa

Mtoto wa kwanza wa Murugi aliacha kunyonya siku ya sita. Taya zilikaza, mwili ukakakamaa, na siku ya nane wakamzika nyuma ya nyumba, pale Timau. Mama mkwe wake, Kagwiria, hakutafuta sababu mbali. Murugi alikuwa amechomwa sindano ya pepopunda wiki moja tu kabla ya kujifungua.

"Hiyo sindano ndiyo iliua mjukuu wangu," akasema, na kadi ya kliniki akaitupa motoni.

Miaka miwili baadaye Murugi, ambaye alichuma maua kwenye shamba la hapo karibu, alishika mimba tena. Ilipofika miezi minne aliomba ruhusa kazini, akaenda kliniki bila kumwambia mtu. Kwa kuwa kadi haikuwepo, nesi Beth alianza upya: sindano moja leo, ya pili baada ya wiki nne.

Siku ya sindano ya pili alikuwa ameketi kwenye benchi, mkono wa blauzi umeshakunjwa, Kagwiria, aliyekuwa ameambiwa na jirani, alipoingia akihema.

"Inuka twende nyumbani."

"Mama, siendi."

"Ati unataka kuzika mwingine?"

Murugi alishika ukingo wa benchi, hakuinuka. Beth akasogea karibu.

"Mama, yule mtoto alizaliwa wapi?"

"Nyumbani. Mimi ndiye nilimpokea."

"Kitovu ulikata na nini?"

"Wembe. Ulikuwa hapo dirishani."

"Pepopunda iliingilia hapo kitovuni," Beth alisema kwa sauti ya chini. "Na sindano ilikuwa moja tu, tena ya kuchelewa. Zinatakiwa mbili, na ya pili ipate angalau wiki mbili kabla ya kuzaa, ndiyo kinga imfikie mtoto tumboni. Murugi hakuwa na hizo wiki. Sasa ako nazo."

Kagwiria aliketi mwisho wa benchi, akajifunika uso kwa leso. Murugi akachomwa.

Alijifungulia hospitalini, mtoto msichana. Hata hivyo, siku ya sita Murugi hakuweza kula. Kila saa alimgusa mtoto mashavu kuona kama yamekaza. Asubuhi ya siku ya nane Kagwiria alileta uji, akasimama mlangoni, akiogopa kuuliza. Msichana alikuwa akinyonya kwa pupa, maziwa yakimtiririka kidevuni.

"Nisamehe," Kagwiria akasema.

Murugi alijisogeza kitandani, akampa nafasi ya kukaa.