Mgonjwa wa Zoezi

Mfagiaji wa wodi, ambaye hospitali nzima ilimwita Kiherehere, alipewa kazi ya kuugua. Mvua zilikuwa zinakaribia na hospitali ilikuwa inajiandaa kwa kipindupindu. Daktari mkuu akataka zoezi: hema lisimamishwe nyuma ya jengo, lizungushiwe kamba mbili, ndoo za klorini ziwekwe, kisha aje mgonjwa wa uongo, ionekane nani anajua kazi yake.

"Uwe hoi kidogo tu," alimwambia.

Kidogo! Kiherehere aliugua mpaka ndege wa kwenye paa wakanyamaza wamsikilize. Aliwaaga watoto, akawasamehe maadui, muuguzi mgeni akatokwa na machozi. Daktari akasifu, mara akaitwa chumba cha upasuaji, akaondoka mbio. Wengine wakatawanyika.

Kiherehere akajipangusa, akashika njia ya nyumbani. Alasiri hiyo watu waliomposa binti yake walikuwa wanakuja kutoa neno la mwisho, na mama wa kijana alishasema asipomkuta mama wa binti anageuza. Lakini penye kamba alisimama mlinzi, na mlinzi mwenyewe ndiye mumewe.

"Mgonjwa hatoki mpaka daktari aseme."

"Baba watoto, mgonjwa gani? Si mimi niliyekupigia pasi hilo shati asubuhi?"

"Shati nalijua. Ruhusa siioni."

"Na wageni je?"

"Nimewaagiza waje hapa. Mpango wa zoezi umeweka mahali pa jamaa."

Kweli, jamaa walitengewa nafasi nyuma ya kamba ya pili, waseme kwa sauti. Wageni wakaja na nguo zao za kutokea, wakanawishwa klorini hadi viwikoni, wakapangwa mstari.

"Dada, unaumwa?" mama wa kijana akauliza.

"Siumwi, mwenzangu! Naigiza!"

"Wagonjwa wote husema hivyo," mlinzi akadakia.

Mama wa kijana alicheka hadi akaishika kamba. Mlinzi akamnawisha upya.

"Basi binti tumemkubali!" mama wa kijana akapaza sauti. "Baba anayemfungia hata mkewe kwa ajili ya kazi, mwanawe hatatuibia sukari!"

Madirisha ya wodi yote yakajibu kwa vigelegele.

Daktari alitoka kwenye upasuaji jua likizama, akatoa ruhusa. Mpango ukaongezwa jambo moja: nani atatangaza kwamba zoezi limekwisha. Kiherehere akatangulia nyumbani. Mumewe alipofika, akakuta mlango umetiwa komeo kwa ndani.

"Nani?"

"Mimi, mama watoto."

"Una ruhusa ya daktari?"