Jicho Zima Ndilo Walilolifunga

Daktari alipobandika plasta juu ya jicho zima la binti yangu na kuliacha lile bovu wazi, nilidhani amekosea.

"Daktari, linaloumwa ni la kushoto."

"Najua, mama. La kushoto ni vivu, limezoea kubebwa na mwenzake. Huyu mwenzake tukimziba, litafanya kazi lenyewe. Kila siku, tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana."

Nilishukuru, lakini sikumwamini. Tulirudi nyumbani Katandala kwa bodaboda, mtoto wa miaka mitano amening'ang'ania kiunoni, akiuliza kila mara tumefika wapi.

Mama mkwe, tuliyeishi naye, aliitazama plasta akaguna. "Mwanangu, wanamfanyia majaribio huyu. Jicho zima likizoea giza nalo litakufa."

Nilimbishia kwa mdomo tu.

Wiki ya kwanza mtoto alijikwaa kwenye ndoo, akamwaga uji wa ulezi, akalia hadi kwikwi. Wiki ya tatu hakujikwaa tena. Badala ya kufurahi, nikaingiwa na shaka. Kila nikirudi mchana kutoka dukani kwangu, plasta ilikuwa imekunjamana pembeni kama iliyobanduliwa na kurudishwa. Nikajua ni mama mkwe tu.

Asubuhi moja niliaga, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikachungulia dirisha la jikoni. Walikuwa wamekaa na ungo wa maharage. Mtoto, plasta usoni, alikuwa akiokota vijiwe.

"Bado kimoja," bibi yake alisema. "Kitafute."

Niliingia bila hodi. "Mama, kumbe huibandui?"

"Ikilegea naibandika upya. Hao watu siwaamini, lakini mtoto akipofuka utasema ni mimi."

Nilikaa chini, nikavuta ungo.

Tuliporudi kliniki, mtoto, jicho zima limezibwa, alionyesha kwa vidole herufi za ukutani zimeelekea wapi, juu, chini, kulia. Alijibu upesi mno. Nikahisi amezikariri.

"Nesi, samahani, hebu ligeuze hilo bango."

Nesi alicheka, akaligeuza. Mtoto alisita, akakunja uso, kisha akapatia mistari miwili zaidi ya siku ile ya kwanza. Daktari akasema bado tuna miezi mbele yetu.

Nyumbani nilimweleza mama mkwe. Alimvuta mjukuu wake mlangoni penye mwanga, akaliziba jicho zima kwa kiganja chake mwenyewe, akarudi nyuma hadi mkono ulipoishia, akainua vidole.

"Vingapi?"

"Vitatu, bibi."

"Na sasa?"